Tangazo Lisiloonekana Ofisini

Ofisini tulimwita Darubini, kwa kuwa hakuna tangazo la kampuni yetu ya magodoro lililompita. Kila asubuhi, hata mkoba hajauweka chini, aliandika jina la kampuni mtandaoni na kutazama kinachotokea juu. Mawakala wetu walilipwa kwa kila mnunuzi waliyemleta, ila walikatazwa kutangaza kwa jina letu, maana anayelitafuta jina hilo tayari yuko njiani kuja kwetu. Wajanja hunakili tangazo letu neno kwa neno, mteja akabonyeza akidhani ni sisi, nasi tukamlipa mwizi kwa kutufungulia mlango wetu wenyewe.

Mwezi ule wanunuzi waliopitia tangazo letu halali walipungua nusu. Meneja hakutaka hadithi.

"Dada, niletee anayefanya haya kabla ya saa nne. Ukishindwa, kazi nampa mwingine."

Darubini alikagua mara ishirini. Tangazo lilikuwa moja tu, letu. Akaanza upya, macho kwenye saa ya ukutani, na mimi niliyekaa naye meza moja nikajitia kutafuta kalamu.

Saa tatu na nusu akampigia shangazi yake, anayeishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi.

"Shikamoo, shangazi. Hebu andika jina la kampuni yetu kwenye simu yako."

"Marahaba. Yametokea mawili, mwanangu, na yote yenu. Nibonyeze lipi?"

Kumbe mwizi alikuwa amelipanga tangazo lake lionekane kila mahali isipokuwa mji wetu. Mwezi mzima tulikuwa tukimtegea panya katika chumba asichoingia. Shangazi alibonyeza la juu, akatuma picha ya anwani iliyofunguka. Mwishoni ilikuwapo namba ya wakala: arobaini na moja.

Darubini hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa ya mdogo wake, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao afariki, na aliyemdhamini mwenyewe apewe uwakala. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimpigia, sauti chini. "Picha ya tangazo lako ninayo. Ulijuaje pa kujificha?"

"Si wewe uliyeniambia mnakagua hapo ofisini tu? Dada, futa hiyo picha. Tangazo nalitoa sasa hivi. Damu nzito kuliko maji."

"Saa nne nafukuzwa kazi."

"Utapata nyingine. Mimi jina likichafuka, nani atanichukua?"

Mimi ningeifuta, sioni haya kusema. Yeye aliinuka, akaingia kwa meneja bila kubisha hodi, nami nikamfuata mpaka mlangoni.

Meneja aliitazama picha. "Arobaini na moja ni nani?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja. Na siri ya ukaguzi wetu aliipata kwangu, mezani, tukila."

Kazi hakunyang'anywa. Siku hiyo alimpigia mdogo wake mara sita, na mara zote simu ilikatwa.