Meno Thelathini na Mawili ya Malsun

Baba yake alipoletewa binti wa sita alimwita Malsun, maana yake basi, wasichana sasa wakome. Na kweli wakakoma. Aliyefuata alikuwa mvulana, akala mayai yote ya nyumba. Malsun alipoolewa na kuzaa, jina likafa. Akawa Mama Gyutae kwa miaka hamsini na tisa, hata kuku wa Uiseong, wilaya yao, walimjua hivyo.

Alipogonga themanini akaingia darasa la uchoraji kwenye ukumbi wa wazee. Akajichora anacheka, mdomo wazi, meno matatu, mikunjo ambayo nzi akitua humo harudi kwao. Pembeni akaandika kwa herufi alizojifunza uzeeni, ulimi nje: Malsun. Siku ya maonyesho alitaka kitu kimoja tu, watu walisome jina hilo kwa sauti.

Mwanawe Gyutae, mwenyekiti wa ushirika wa vitunguu saumu, akapita kuchungulia.

"Mama, meno matatu! Watasema sikulishi."

"Anayesema aje anitafunie."

"Na hilo jina je? Wageni wanatoka wilayani, Mama. Ni aibu."

"Aibu ni ya babu yako. Mimi nimeibeba tu."

Akadhani yamekwisha.

Siku ilipofika akavaa vazi lake la waridi, akapita ukutani mara mbili asijione. Mara ya tatu akakutana na bibi mmoja mwenye mashavu laini kama tofu, nywele nyeusi ti, meno thelathini na mawili. Chini yake: Mama wa Mwenyekiti.

Mwalimu Noh wa uchoraji akatazama sakafu. "Nisamehe, bibi. Mwanao alinisimamia mpaka rangi ikakauka."

Gyutae akamshika mama yake bega, wapigwe picha. "Umependeza, eh? Hii ndiyo tutaiweka siku ya mazishi yako."

Malsun akauinamia ule mchoro. "Hujambo, mama? Meno yako mazuri. Wewe ni mke wa nani?"

Watu wakacheka wakashika mbavu. Yeye alifunga mdomo, na tangu siku hiyo hakushika brashi.

Alikufa msimu wa kung'oa vitunguu. Mchoro ule wa meno thelathini na mawili ukazungushiwa maua meupe, wilaya nzima ikauinamia. Dada yake Bokhui, bibi wa miaka tisini, akafika na basi, akautazama akiwa mlangoni, akageuka.

"Nimekosea msiba," akamwambia karani wa ushirika. "Namtafuta Malsun."

Karani akapekua karatasi zake. "Hatuna mtu wa jina hilo, bibi. Huyu ni Mama wa Mwenyekiti."

Bokhui akaomba radhi, akarudi kituoni na maua yake.