Karani Aliyetaka Msamaha Wenye Muhuri

Habari ya kifo chake niliipata Jumatano asubuhi, nikiwa nafuta vumbi kwenye mashine yangu ya kuchapa. Mtu ambaye mtaa wetu mzima wa Mangobo ulimjua kama karani wa seli ya Chama alikuwa amefariki hospitalini kwa ugonjwa wa ini. Waliomwogopa walisema "maskini" haraka mno. Wengine waliuliza kwanza kama ni kweli. Mimi nilijuana naye kwa sababu ya kazi: yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na mashine.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ambayo serikali ilipiga marufuku majina ya ubatizo, na hata "bwana" tukaliacha, tukaitana citoyen, yaani raia. Padri alimwaga maji na kutaja jina la babu, na jina la mtakatifu likabaki moyoni mwa mama. Jumapili moja katekista wa parokia yetu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, alijisahau akalitaja jina la mtakatifu kwa sauti ile ile ya kufundishia. Karani alikuwa amekaa benchi la mbele. Alipokea komunyo kwanza, akashukuru kwa kupiga magoti, kisha akaja kwangu na ripoti. Niliipiga chapa nakala tatu. Katekista alilala kizuizini siku nane, akaondolewa ualimu, akaenda kulima mihogo kando ya barabara ya Banalia. Karani hakuona kasoro yoyote. Alisema anamtumikia Mungu kwa mdomo na nchi kwa kalamu, na kwamba kila mkubwa ana ofisi yake.

Ini lilipoanza kumsumbua, alikwenda kuungama. Nayajua haya kwa sababu alinisimulia mwenyewe, akimlalamikia padri kama mtu anavyolalamikia ofisi inayochelewesha faili. Alikuwa ameungama karibu saa nzima, zaidi dhambi za majirani, barabara kwa barabara, mpaka padri akamuuliza, "Na zako?" Hapo ndipo alipomtaja katekista. Padri akamwambia Mungu anasamehe, lakini aende kwa mtu yule angali na miguu ya kutembea.

"Nikamuuliza, mon père, attestation, karatasi ya kuonyesha nimesamehewa, nitachukulia wapi? Alicheka, citoyen! Padri, tena akiwa kazini!"

Msimcheke na ninyi. Maisha yake yote hakuona mtu akipita kizuizi chochote bila karatasi, na sidhani alitegemea mlango wa mbinguni uwe na askari wa aina nyingine. Alikuwa anakufa na alijua. Aliogopa kufika kule mikono mitupu. Basi akaniandikisha barua: "Kufuatia mazingira ya wakati ule, makosa yalijitokeza kuhusu nafsi yako." Chini tuliacha nafasi ya katekista kutia sahihi, na nyingine ya muhuri. Akaniomba nimsindikize kama shahidi, tukapanda lori la magunia hadi shambani kwa katekista.

Katekista alinawa mikono, akasoma karatasi mpaka mwisho kama anayesahihisha daftari, akamrudishia.

"Papa," akamwambia kwa heshima, "hapa ndani nani alifanya nini?"

"Yote iko ndani, citoyen. Weka signature tu."

"Naona mazingira. Mazingira haikunikamata. Sema na kinywa."

"Muache mutu akule kwanza," mke wake alisema kutoka jikoni. "Hauone ni mugonjwa?"

"Hapana, mama. Akishiba atasahau."

Mtu aliyepiga kelele za kusifu Chama chini ya bendera kila asubuhi, mishipa ya shingo imemtoka, sasa alikunja karatasi, akaikunjua. Mwishowe akasema, "Ni mimi. Nilikusema kwa bakubwa. Unisamehe."

"Nilishakusamehe zamani."

"Bila condition? Bila sharti?"

"Bila."

"Siku nane, na kazi yako, na unaniacha vile tu?" Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyedharauliwa. Kisha akalia. Mama akaleta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tukaanza kula.

"Na huyu ni nani?" katekista akauliza.

"Ni dactylo," karani akajibu.

"Mimi nilipiga chapa tu, papa," nikasema. Katekista aliniangalia bila hasira, akingoja, kama alivyomngojea mwenzangu. Nilirudisha tonge sahanini, nikasema langu, kwa shida zaidi kuliko karani.

Kwenye mazishi nilisikia wengi wakinung'unika kwamba mtu kama yule amepata msamaha rahisi. Niliuona ukitolewa. Ulikuwa wa bure, ndiyo, lakini rahisi haukuwa: kitu cha bure kinakukuta huna cha kutoa, wala pa kujificha, na wengi wetu tungependelea faini. Huruma ya Mungu haijawahi kufunga ofisi. Anayesubiri ni yule tuliyemkosea, na anataka kutusikia tukisema, "Ni mimi."