Mate ya Mke wa Mtafiti

Mtaani walimwita Bwana Mate, na yeye hakukasirika, maana kukasirika kungemlazimu abadilishe sura, na sura yake ilikuwa mali ya chuo.

Kazi yake ilikuwa kuwatia watu hofu kisha kuwaomba mate. Aliyejitolea aliingizwa kwenye chumba chenye meza moja, akaambiwa aeleze kwa nini anafaa kupewa kazi ambayo haipo, mbele ya watu wawili wenye makoti meupe. Wenye makoti walikatazwa kutabasamu, kutikisa kichwa, hata kusema "enhe". Ukishatokwa jasho vya kutosha unapewa kichupa, unatema, na mashine inasema homoni ya msongo imekujaa kiasi gani mwilini. Bwana Mate alikuwa bingwa wa kununa kitaaluma. Wasaidizi wake wa maabara walisema hata ukimtekenya, atakujibu kwa barua.

Alichotaka kujua ni kama mtu aliyetishwa hivyo hutulia upesi akikaa na mwenzi wake. Hutulia. Aliandika makala nyingi kuhusu faraja ya mwenzi, akaalikwa kwenye mikutano ya mbali kuizungumzia, na kila aliporudi alimkuta mwenzi wake ameshalala.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilibaki na sauti ya cherehani tu. Siku moja, akikunja pindo la suruali ya mteja, alimwambia mumewe kwamba dada yake ana chumba kitupu, na anafikiria kuhamia huko. Alisema "nafikiria". Mwanamume mwingine angelisikia neno hilo akaling'ang'ania kama mlango unaofungwa. Angelia, angepiga magoti, angalau angeuliza kulikoni. Bwana Mate alimwomba aje maabara.

Alimweleza kwa upole wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Huenda anadhani hana raha naye, kumbe mwili unasema mengine. Wapime kwanza. Fundi alimsikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Na mwili ukisema nibaki?"

"Basi utakuwa na sababu ya kubaki."

"Sababu ya kwenye kichupa."

"Ndiyo ya uhakika zaidi, mama watoto."

Akaenda. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, na wasaidizi wakampokea, shemeji huku, shemeji kule, mmoja akimtania kwamba kwa kuishi na ile sura nyumbani keshapata chanjo. Alicheka. Lakini aliposimamishwa mbele ya makoti meupe kujieleza, alirudia sentensi ile ile mara tatu. Akatema. Kisha akapelekwa chumba cha pili kumsubiri mwenzi.

Taratibu alikuwa ameziandika Bwana Mate mwenyewe. Mwenzi aingie, akae karibu, waongee lolote, washikane mikono ikiwa ndiyo kawaida yao. Haikuwa kawaida yao, basi hakumshika. Kuongea nako, aliogopa kungeharibu matokeo. Alikaa, koti limefungwa vifungo vyote, akawa anatazama saa. Mkewe alimtazama yeye, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe vilivyochomwachomwa na sindano. Muda ulipotimia alitema tena, akafuta mdomo, akarudi nyumbani kumalizia suruali ya watu.

Majibu yalipotoka, wasaidizi wanaapa walimwona bosi wao akikimbia, koti likipepea, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alimkuta mkewe sebuleni, amefunika cherehani kwa shuka, begi liko mlangoni. Hakuliona begi. Alimnyooshea karatasi.

"Tazama huu mstari. Kabla sijaingia ulikuwa juu kabisa. Nimekaa na wewe, umeporomoka. Hakuna mtu aliyewahi kutulia namna hii pale kwetu, hakuna."

Fundi aliishika karatasi kama vipimo vya mtu ambaye hatamshonea tena.

"Ni kweli. Nilitulia sana."

"Kwa hiyo unabaki."

"Nilitulia kwa sababu niliacha kufikiria, mume wangu. Niliamua."

Nje teksi ilipiga honi. Mkewe alimwonyesha kwa kidevu upande wa pili wa cherehani. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, haibebwi na mtu mmoja. Akainama, akaishika. Hapo, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti ile ile ya kazini:

"Uliamua kabla ya kutema mara ya kwanza, au baada ya ile ya pili?"

Fundi alirekebisha mshiko wake.

"Katikati," alisema. "Pale ulipokuwa unatazama saa. Haya, inua upande wako."

Akainua.