Kamba Inabaki Kwenye Picha

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja na mchumba wake, wageni wa Mtwara waliohamishiwa huku kikazi. Walikuja na mbwa mkubwa mweupe, ameogeshwa na kuchanwa manyoya kuliko nilivyochana nywele zangu mimi siku hiyo. Walitaka picha za uchumba ufukweni Mikindani, wote watatu pamoja. Tulielewana kila kitu mpaka tulipofika kwenye kamba ya mbwa.

"Hiyo kamba utatuondolea, eti?" dada akauliza.

"Haiondoki."

"Basi utaifuta kwenye kompyuta."

"Sifuti."

"Mbona wenzio wanafuta?"

Wanafuta, ndiyo, na hata mimi naweza. Ni kazi ya dakika chache. Sitaki tu.

Najua ninavyosemwa. Hapa Magomeni ya Mtwara mjini, ninapoishi na nilipofungua studio yangu, wapo wanaoniita mpiga picha wa mbwa, na hawanisifu wanaponiita hivyo. Wanashangaa binti wa Kiislamu, aliyekulia Mikindani kwa watu wanaouza samaki, anajifunga mbwa kiunoni. Na kweli najifunga. Ncha moja ya kamba naifunga kwenye ukanda wa shingoni mwa mbwa, ya pili kiunoni kwangu, ili mikono ibaki na kamera. Kwa hiyo kila picha ya mbwa niliyopiga ufukweni ina kamba inayopita mchangani mpaka chini ya picha, upande niliosimama mimi. Wanaojiita mafundi wanasema hilo ni kosa la mwanafunzi. Waseme. Kosa langu lilikuwa lingine, na nitalieleza mwenyewe kabla hawajalieleza wao.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napiga picha za pasipoti, mahafali na sendofu, basi. Siku moja akaja jirani yangu, nesi mstaafu, mjane, na mbwa wake wa kahawia mwenye sikio moja lililochanika. Mbwa huyo alitoka Kitaya, kwenye shamba la mihogo la kaka yake nesi, alikokuwa akifukuza ngedere na nguruwe pori. Kwetu mbwa wa shamba hana neno: analinda mihogo na anakaa huko huko shambani. Kaka mtu alipofariki hakuna aliyemtaka mbwa, nesi akaja naye mjini akamweka uani kwake, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakumpa hata jina. Alimwita "wewe," naye aliitika.

"Mwanangu," nesi akaniambia, "mimi na huyu tumezeeka. Tupige picha moja kabla mmoja hajamtangulia mwenzake."

Tulikwenda Mikindani Ijumaa asubuhi, maji yamekupwa. Nilikuwa nimevaa dera jipya na mtandio msafi, maana nilipanga nikimaliza nipite kwa mama tuswali adhuhuri pamoja. Nesi alikaa juu ya jiwe, mbwa miguuni pake. Kamba yake ilikuwa ya nailoni ya kijani, kipande cha kamba ya mashua, ncha zimeunguzwa kwa moto zisifumuke. Ilinikera. Kila nilipotazama kwenye kamera naiona yenyewe tu.

"Mfungue, mama. Inaharibu picha."

"Huyu wa shamba, mwanangu. Ufukwe haujui."

"Dakika moja tu."

Nesi alinitii, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kamera. Akafungua. Mbwa akaegemeza kichwa kwenye goti lake, nesi akamtazama, nami nikabonyeza. Sijapiga picha nzuri kuliko ile mpaka leo, na nasema hivyo kwa uchungu. Halafu upepo ukageuka.

Mtoto yeyote wa Mikindani anajua saa ile kuna nini pale. Wanawake wanaanika dagaa. Wametandaza maturubai toka alfajiri, wanageuza, wanafukuza kunguru. Mmoja wao ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliyenibeba mgongoni akiwa kazini pale pale. Mimi nilikuwa nimeuona mchanga, mawe na mwanga. Watu sikuwaona.

Mbwa alikwenda moja kwa moja kwenye turubai la mama mdogo, akazamisha mdomo.

Kwa asiyejua: kwetu mate ya mbwa hayafutwi kwa kitambaa yakaisha. Alichotia mdomo kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sasa kaoshe dagaa wakavu mara saba uone utabaki na nini.

Makelele yakapanda. Mama mdogo alishika ukuni. Wanaume wawili waliokuwa wakiziba mashua wakaja mbio, mmoja na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Mbwa alirudi nyuma mpaka akagota kwenye ubavu wa mashua, akatoa meno, na kwa kutoa meno akawa amejihukumu. Nesi alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye jiwe lake, "Msimuue! Msimuue jamani!" Magoti yake hayakuruhusu kukimbia.

Nilikimbia mimi. Nilichuchumaa nikamkumbatia yule mbwa, dera jipya, mtandio msafi, Ijumaa, mbele ya watu walionilea. Kidevu chake kilichoroa kikakaa shingoni kwangu.

"Haya pigeni," nikasema. "Anzeni na mimi."

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira tu, nyingi yake juu yangu mwenyewe.

"Ntoto wewe, una wazimu?" mama mdogo akafoka. "Nwachie!"

"Simwachii. Kamba nimefunguisha mimi. Yeye hana kosa, na bibi yule hana kosa."

Yule wa upondo akamtazama mama mdogo, kwa kuwa dagaa walikuwa wake. Mama mdogo akatupa ukuni chini. Hasira hakuitupa. Alisubiri nesi afike na kumfunga mbwa, akanikabidhi turubai na ndoo. Nililiosha pale pale, wanawake wote wamesimama wananihesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ilipofika zamu ya udongo akaumwaga yeye mwenyewe, kwenye turubai kisha kwangu, akanisugua mikono na shingo kwa nguvu hata nikaona machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya udongo au ya aibu. Dagaa walioharibika nesi aliwabeba kwenye gunia. Mbwa alikula dagaa wa mama mdogo wiki kadhaa, mtu pekee aliyefaidika siku ile, na wala si mtu.

Tulipomaliza, mama mdogo alisema mbele ya wenzake, "Mbwa asikanyage hapa tena."

Nesi akainamisha kichwa. Ningenyamaza, yangekwisha. Nikauliza, "Na akiwa na kamba?"

Mama mdogo akaninyooshea kidole chenye udongo.

"Kamba iwe nkononi mwako wewe. Si nkononi mwa bibi huyu, wala mwa nteja mwingine. Wewe ndiye ntoto wetu. Akikosea, tunakushika wewe."

Nikashika kamba saa ile ile. Nesi akarudi kwenye jiwe lake, mbwa pembeni, nami nikapiga picha ya pili nikiwa na matope mpaka masikioni. Nesi anacheka kidogo, macho bado mekundu. Mbwa analamba chumvi puani. Kamba ya kijani inakuja mpaka kwangu. Nilimsafishia zote mbili achague. Aliiweka kando ile nzuri, akachukua yenye kamba, na ndiyo iliyoko ukutani kwake.

Hayo yote niliwasimulia wale wachumba wawili. Kijana akacheka. "Wetu amefundishwa, dada. Hawezi kugusa dagaa wa watu."

"Yeye amefundishwa, sawa. Dagaa hawajafundishwa kutonukia."

"Lakini picha tutatazama sisi wenyewe."

Uongo. Picha inatumwa, inatazamwa na ndugu, marafiki, na watu wasiowajua. Mwenye mbwa wake ataona mbwa huru Mikindani, maji nyuma, watu wanacheka, naye atakuja Jumamosi moja na kumfungua wake dakika moja tu. Upondo bado upo pale. Mimi huenda siku hiyo sipo. Niliwaambia hivyo, nikawaambia pia kwamba studio ziko nyingi mjini na milango iko wazi. Nilijua nahitaji kazi yao. Sikulegeza.

Walikuja Jumamosi, wamenuna, na mnyororo wao wa bei. Niliuacha kwenye gari lao, nikatoa kamba yangu, ya nailoni, ya kijani, ncha zimeunguzwa kwa moto. Nesi ndiye aliyeniletea mlangoni asubuhi moja, kitambo sasa, imekunjwa kwenye mfuko wa rambo. Siku ile hakutaka kukaa. Alisema tu, "Amekufa usingizini, mwanangu. Kwa uzee wake. Hakuna aliyemgusa."

Nikaifunga kiunoni. Kutoka kwenye maturubai mama mdogo akapaza sauti kama anavyofanya kila akiniona na mbwa, "Kamba iko wapi?" Nikainyanyua juu aione. Akainama kuendelea kugeuza dagaa wake.

Dada alijiweka vizuri, akamshika mbwa wake mweupe, akaitazama ile kamba chakavu iliyotoka shingoni mwake mpaka kwangu.

"Kweli hutaifuta?"

"Sifuti," nikasema, nikabonyeza.