Mama Amenichagulia Swichi kwa Kitambaa

Leo mama yangu amenishinda mbele ya muuza kompyuta.

Video ya harusi ya dada yangu aliyeolewa Kitale iko kwa kompyuta ya chumbani kwangu. Mama anataka kuitazama sebuleni kwa laptop, lakini bila waya inakwama kila bibi harusi akianza kutembea.

Kwa hivyo tukaenda Bungoma mjini kununua swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya.

Nikachagua ya matundu matano. Ndogo na ya haraka.

Mama akafungua mkoba akatoa kitambaa cha kushona kwa mkono, kama vile vitambaa alivyofunikia redio na TV nyumbani. Akakiweka juu ya swichi. Swichi ikapotea yote.

"Hii ni ndogo bana. Lete ile ya nane."

Hiyo ikaenea chini ya kitambaa sawasawa!

"Mama, hii haifunikwi, itapata joto."

"Si unaona kitambaa ni mashimo tupu? Itapumua."

Muuzaji akaniangalia kwa huruma, akaifunga ya nane.

Sasa tuko nyumbani Kanduyi. Harusi imecheza mpaka mwisho, na mama amelia palepale alipolia siku yenyewe.

Niambieni, ni mama yangu tu aliye hivi?

Maana ameniomba laptop ninayoandikia. Ati anataka kuipima kitambaa.