Udongo Nilioumwaga

Siku moja imenikaa moyoni tangu miaka ya sabini, mwanangu, na mvua za kwanza zikinyesha hapa Kasulu hunirudia. Nilikuwa bwana shamba kijana, nimetoka chuoni juzi, kichwa kimejaa vitabu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini macho uliyoyawasha hayasahau.

Kijijini alikuwapo Bibi Sesilia, mkimbizi kutoka Burundi. Alivuka mpaka na binti yake, na mbegu kidogo za mtama alizozifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuwa na kingine cha kwao. Nilimshawishi azipande katika shamba langu la mfano, akakubali. Nami, kwa kutaka lipendeze machoni pa wakubwa, nilikuwa nimeomba greda lisawazishe ardhi ile. Lilikwangua udongo wote mweusi wa juu, likausukuma kando.

Mtama uliota, ukadumaa. Majani yakageuka zambarau. Asubuhi moja nikamkuta Bibi shambani na kapu la udongo aliouchimba penye nyasi za pembeni, umeshikamana na mizizi. Watu walikuwa wakitazama.

"Bibi, unaleta uchafu kwenye shamba la mfano?" nikasema, nikalipindua kapu kwa mguu.

Hakupandisha sauti. Aliinama, akaanza kuzoa. "Mwana wanje," akaniambia kwa lugha ya kwao, yaani mwanangu, "wewe umeuona udongo, hukuwaona wanaokaa ndani yake. Mtama haujilishi peke yake."

Nilicheka, na wengine wakacheka nami.

Alichozoa kilitosha mashina machache ya mwisho wa mstari. Majuma yakapita, hayo machache yakawa kijani, yakanizidi kimo. Mengine yote yalikauka hayajafika gotini. Bibi alivuna masuke manne, basi. Hakunilaumu. Mwaka uliofuata alihamia Kibondo na binti yake, nami kwa aibu sikwenda hata kumuaga.

Miaka baadaye, nikiwa masomoni, mwalimu aliniwekea mzizi wa mtama chini ya hadubini. Niliona nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, zimeingia mzizini na kutokeza nje. Akaeleza kwamba nyuzi hizo huenda mbali mzizi usikofika, zikachota fosforasi na kuuletea mmea, nao mmea huzilisha sukari. Ukikwangua udongo wa juu, umewafukuza wabebaji. Nilitoka nje, wenzangu wasione machozi.

Nilipanda lori hadi Kibondo. Binti yake alinikaribisha, akaniketisha, ndipo akaniambia mama yake alifariki masika yaliyopita.

"Kila akija mtu wa Kasulu alikuwa akikuulizia," akasema. "'Yule kijana wangu wa mtama, ameshaoa?'"

Nimezeeka, mwanangu, na bado natamani nusu saa tu na yule bibi. Nisingemweleza habari za kuvu. Alizijua kabla yangu. Ningekaa tu karibu naye nimsikilize.

Nakuusia hivi: mkubwa wako akisema neno usilolielewa, usilicheke, muulize. Na ukimkosea mtu, nenda upesi ukaombe radhi, hata kama huna maneno mazuri. Mimi nilingoja mpaka nipate maelezo, kumbe yeye alikuwa akiningoja mimi. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea miaka mingi.

Mungu akujalie moyo mwepesi wa kutubu, na awaweke hai uwapendao mpaka uwafikie. Amina.