Waya wa Athi wa Baba Clemens

Ukuta wangu na wa Baba Clemens ni mmoja. Nyumba moja, imekatwa katikati, yeye upande wa barabara, mimi upande wa kisima, hapa hapa Katandala, Sumbawanga mjini. Akikohoa nasikia. Akiburuta kiti nasikia. Kwa hiyo msiniambie napenda kufuatilia habari za watu, habari zenyewe zinanifuata jikoni kwangu.

Jina lake Kornel. Alikuwa dereva wa halmashauri kule Matai, maisha yake yote barabarani, leo Kasanga, kesho Sumbawanga, gari limejaa watu wanaongea. Akastaafu, akarudi mjini kwa mkewe Redempta, na Redempta naye hakukaa sana, akafariki. Huyo Clemens yuko Dar es Salaam, na wajukuu wanamjua babu yao kwa simu tu. Mzee wa watu akabaki na viti vya sebule nzima, anakalia kimoja.

Redempta aliacha santuri zake za dansi na mashine ya kuzipigia. Amplifaya ya zamani ilipoungua, Clemens alituma mpya kwa basi, lakini hizi za kisasa eti hazina tundu la santuri. Ukichomeka hivyo hivyo, sauti inatoka nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya debe. Ikabidi atume kisanduku kingine, kinaitwa priamplifaya. Chenyewe kinakaa katikati: nyaya za mashine ya santuri zinaingia humo, kinaikuza ile sauti ndogo ya sindano, ndipo inakwenda kwenye amplifaya na spika. Clemens aliahidi kuja Krismasi kumuunganishia baba yake. Krismasi ikapita. Basi mzee akaunganisha mwenyewe.

Loo! Jioni ile nachambua maharage, mara ukuta ukaanza kuvuma. Mmmmm, haukomi, mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua. Nikafunga kitenge kiunoni, nikaenda kubisha hodi, nikamwamkia shikamoo kwanza, ndipo nikaanza kumfokea. Yeye ananisikiliza huku anatabasamu. Nikamuuliza anachekelea nini, akasema hakuna kitu, karibu ndani, kaa.

Tuliinama nyuma ya vile vyombo wote wawili, tukabadilisha pini nyekundu na nyeupe, juu chini, chini juu. Kuvuma kuko pale pale. Akachemsha chai ya maziwa. Kesho yake nikaenda tena kumfokea, na kesho kutwa yake. Nikazoea kumfokea, kusema kweli. Alinisimulia barabara ya Kasanga ilivyokuwa wakati wa mvua, nami nikamsimulia Rhoda wangu, aliyeolewa Mwanza na kupiga simu anasahau.

Mwisho nikajifanya mjuaji, nikamwita Shamsi, fundi wa redio kule katikati ya mji. Hakuchukua hata muda. Alituonyesha waya mwembamba uliotoka pamoja na zile nyaya mbili, ambao mzee alidhani ni uzi wa kufungia tu. Akasema huo ni waya wa athi, unabanwa kwenye skrubu nyuma ya kisanduku, usipobanwa lazima mashine ivume. Akaubana kwa vidole. Nyumba ikawa kimya. Akaweka santuri, gitaa likatoka safi kabisa. Mzee hakuonekana kufurahi, nikadhani anaona aibu. Nikamshukuru Shamsi, nikarudi kwangu.

Sikwenda tena. Niende kufanya nini? Mimi mjane, yeye mgane, na mkabala nasi anakaa Agnesi anauza vitumbua. Agnesi akiona mwanamke kaingia kwa mwanaume bila sababu, kabla ya magharibi habari imefika Matai. Na sababu sikuwa nayo tena. Jioni ile nikasikia santuri ukutani, upande mmoja tu, ikaisha. Hakuigeuza. Siku zilizofuata hakuweka kabisa. Namsikia anaburuta kiti, basi. Ni kipupwe, upepo unapiga mabati, mimi nimekaa na kikombe changu, yeye amekaa na chake. Nilijisikia mpweke kuliko siku niliyomzika mume wangu, maana siku ile angalau watu walijaa.

Halafu siku moja alasiri, ukuta ukavuma tena.

Nilifika pale na hasira zangu zote. Sikukaa, nikapitiliza hadi nyuma ya vyombo. Waya wa athi unaning'inia, na skrubu imewekwa juu ya kisanduku, vizuri kabisa, isipotee.

"Baba Clemens, skrubu hii imejifungua yenyewe ikapanda hapa juu?"

Akaangalia mikono yake.

"Ikiwa nzima huji, Mama Rhoda."

Roho iliniuma, jamani. Nikaubana waya mwenyewe, nikamwambia aweke santuri, na aigeuze ikiisha. Akachemsha chai. Tukakaa, viti viwili, mpaka santuri ikaisha pande zote na giza likaanza kuingia.

Nilipoinuka kuaga, akanyoosha mkono kuzima amplifaya. Nikamwambia aiache. Nikazunguka nyuma ya kisanduku, nikailegeza skrubu kwa vidole vyangu, nikauchomoa waya. Ikavuma. Yeye ananitazama tu, machozi yanamlengalenga.

Nikatoka nje. Agnesi yuko pale na vitumbua vyake, kanyoosha shingo. Nikasimama katikati ya uwanja, nikapaza sauti anisikie vizuri.

"Huu mvumo utaniua mimi! Kesho nakuja tena hapa, na kesho kutwa, mpaka kieleweke!"

Agnesi akatikisa kichwa, anamhurumia mzee wa watu. Mimi nikaingia kwangu, nikasonga ugali, nikala peke yangu huku ukuta unavuma.